Ukuta wa Matairi wa Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu suruali ikishapita mikononi mwake haifumuki pindo hadi mwenyewe aichoke. Chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa duka na ndicho kiwanda: cherehani dirishani, nguo za watu zimetundikwa ukutani, na sakafu iko chini kuliko barabara. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mvua ikinyesha, maji ya kilima kizima yalimkimbilia yeye kana kwamba yamealikwa. Marehemu mumewe, fundi wa pancha, alipochoka kuanika vitambaa vya watu, alipanga matairi makuukuu mbele ya mlango, safu tatu, akayajaza udongo. Tangu siku hiyo halikuingia hata tone.

Sasa waone hawa wasomi. Klabu ya Mazingira ya sekondari ya pale juu, watoto wanaojua kutamka "ikolojia" lakini hawamjui anayewaoshea vyoo. Wakatangaza Siku ya Usafi wa Mtaa. Je, walimuuliza mtu wa mtaa anataka nini? Thubutu! Walichojadili vikao vitatu ni rangi ya vizibao itakayotoka vizuri kwenye picha. Kijani ikashinda, na Mama Pindo akashona thelathini, vya wanafunzi na cha mwalimu mlezi wao, kila kimoja kimeandikwa kifuani MAZINGIRA KWANZA.

Asubuhi ya siku yenyewe akavipeleka shuleni. Wanafunzi wakavaa, wakateremka mtaani na makoleo yao, wakiimba. Mama Pindo akazuiwa, maana kizibao cha mwalimu kilikataa kufunga tumboni.

"Hivi ulinipima vizuri kweli?" mwalimu akauliza.

"Nilikupima vizuri, mwalimu. Ila wewe ulikuwa umebana pumzi."

Akakaa kwenye benchi karibu asubuhi nzima, akifumua na kuongeza kitambaa, tumbo la msomi likisubiri.

Aliporudi nyumbani pamoja na mwalimu, mawingu meusi yalikuwa yametanda, na mbele ya mlango wake palikuwa peupe pe. Hakuna tairi hata moja.

"Mama, tumekusafishia!" Mwenyekiti wa klabu, binti wa miwani na daftari, alimkimbilia meno yote nje. "Matairi arobaini na moja! Mazalia ya mbu, yale. Tumekung'uta udongo, lori limeshayapeleka dampo."

"Mbu anazaa kwenye udongo mkavu, mwanangu?"

Binti akafungua daftari, utadhani jibu limo humo.

"Ule ulikuwa ukuta wangu. Mume wangu aliujenga kwa mikono yake. Mvua hiyo hapo, na ndani mna nguo za watu na cherehani inayonilisha. Mlishindwa nini kubisha hodi kwa jirani mkauliza?"

Machozi yalimlenga Mama Pindo, akayazuia. Radi ikapiga kilimani.

"Vueni vizibao."

"Mama?"

"Vueni, nimesema!"

Akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani. Akashona chini na mbele penye vifungo, akafunga makwapa, akaacha shingo wazi. Kizibao kikawa mfuko. Akashika cha pili, cha tatu, miguu inakwenda mbio kuliko siku yoyote ya maisha yake. Nje, wasomi waliuzoa udongo uleule waliokuwa wameusambaza kwa reki, wakajaza, wakapanga mlangoni. Mwenyekiti alitoka malengelenge viganjani. Hakuna aliyempa pole.

Mifuko ilifika ishirini na tisa mvua ikaanza. Maji yakaja yanavuma, yakagonga MAZINGIRA KWANZA, yakageuka kando. Isipokuwa pembeni, kwenye pengo la mfuko mmoja tu, ulimi wa maji ulianza kuvuka kizingiti.

Mama Pindo akageuka. Mwalimu mlezi alikuwa amesimama chini ya mwavuli, anapiga picha.

"Na wewe, mwalimu," akasema. "Hicho chako ndicho nilichoongeza kitambaa."

Mwalimu akabana pumzi, akaanza kufungua vifungo.