Amplifaya na Buti la Sajini

Jamilu wa Busia alikuwa fundi wa redio, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: mkono wake haukutulia penye kitu kizima. Ukimletea redio iliyokwama kitufe, itarudi kwako ikiwa inapiga mluzi. Mkewe Madina alikuwa amemkataza hata kuisogelea cherehani yake.

Mwaka wa sabini na nne, lori la jeshi likamshushia mlangoni amplifaya ya gitaa, ile ya zamani ya valvu, naye akaitambua kabla haijagusa chini. Ilikuwa ya rafiki yake Rasto, Mkenya aliyekuwa akivuka mpaka kuja kupiga harusini. Wiki moja kabla ya hapo askari walikuwa wamemnyang'anya, wakampelekea kapteni wao wa Tororo. Rasto alilia wazi dukani kwa Jamilu, maana alibaki na gitaa lisilosikika na watoto wanaosikika sana.

Kapteni mwenyewe alikuwa jitu lenye sauti ya kifaranga. Alikuwa amegawiwa baa ya Mhindi aliyefukuzwa nchini, na kila Jumamosi aliwahutubia wageni humo. Alichokipenda kwenye amplifaya ile ni mwangwi wake, kwa kuwa ulimnenepeshea sauti. Sasa mwangwi umekufa, na amri ilikuwa ufufuliwe kabla ya Jumamosi.

Jamilu akafungua. Mwangwi wa mashine zile hutoka kwenye kisanduku cha bati chenye springi ndefu: sauti inaingia upande huu, inazitetemesha, inatokea upande wa pili imechelewa. Waya mmoja mwembamba ulikuwa umekatika askari walipoitupa chini baada ya hotuba ya Jumamosi iliyotangulia. Akaulehemu, kazi ikaisha, na hapo ndipo moyo ulipomuuma. Akiirudisha nzima, Rasto hataiona tena. Akiiharibu, yeye mwenyewe hataonekana tena.

Mkono ukaanza kumwasha. Kisanduku kile hukalia vipande vya mpira ili springi zisishtuke ovyo. Jamilu akaving'oa vyote, akakikaza kwa skrubu moja kwa moja kwenye ubao, kisha akaondoa rizista iliyozuia mwangwi usizidi. Akaigonga meza kwa ngumi. Spika ikanguruma, Madina akatoka jikoni na mwiko mkononi, na Jamilu akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi amplifaya ikawekwa kwenye jukwaa la mbao la baa ile, Jamilu akisimama pembeni kwa amri. Kapteni akasema "karibuni" kwenye maikrofoni, na neno likatoka nene, tamu. Akatabasamu kama bwana harusi. Ndipo sajini akapanda jukwaani kuleta habari, na askari hampi mkubwa wake habari kabla ya saluti, wala saluti haikamiliki bila kukita buti. Akalikita.

Kilichotoka kilikuwa mlio wa mzinga. Maofisa walikuwa chini ya meza kabla mwangwi haujaisha. Kapteni alipoibuka na mchuzi shingoni, sajini, kwa hofu, akampigia saluti ya kuomba radhi.

Walipoinuka mara ya pili, Jamilu akaitwa. Akapanda jukwaani kwa ncha za vidole, maana utani ukimfikia mwenye bastola si utani tena.

"Wewe fundi nafanya nini na mashini yangu?"

"Afande, mashini iko muzima, sauti yako natoka muzuri. Lakini yeye nasikia mpaka buti. Askari wakiacha saluti hapa, yeye hapana sumbua."

Kapteni akamwamuru sajini asalimu polepole. Sajini akashusha mguu kama anayekanyaga mayai. Mashine ikanyamaza, na uso wa Kapteni ukachacha. Akaitazama amplifaya kwa huzuni, kisha akautazama ule mguu.

"Hapana," akasema kwa sauti yake ya kifaranga. "Hiyo si saluti. Ondoa hii kitu, rudisha kule ilitoka."

Kesho yake Jamilu akaivusha mpakani kwa baiskeli. Mbele ya Rasto akarudisha rizista na mipira yote, isipokuwa kipande kimoja. Mkono wake ulikataa. Rasto hakulalamika. Tangu hapo, kila Jamilu alipoingia harusini, muziki ulisimama, Rasto akakita mguu kama sajini kando ya amplifaya, nayo ikamngurumia fundi wake.