Gia Tatu na Gari la Wagonjwa

Mtaani kwetu kulikuwa na dereva wa pikapu tuliyemwita Gia Tatu, kwa sababu gia ya nne ya gari lake ilishaaga dunia, naye hakuona haja ya kuifufua. Kazi yake ilikuwa kubeba viazi na vitunguu kupeleka sokoni. Alikuwa mtu wa vicheko, mwenye tumbo lililotangulia usukani, na hakujua kusema hapana.

Zahanati yetu ilikuwa na gari la wagonjwa. Injini ilipokufa, liliegeshwa nyuma ya jengo, na kuku wa mlinzi wakahamia ndani. Ndipo shemeji yake Gia Tatu aliposhikwa na uchungu, naye akashusha viazi barabarani akamkimbiza hospitali ya wilaya. Habari zikaenea. Mwenye homa kali, aliyeanguka kutoka juu ya paa, mama mjamzito, wote wakawa wake. Hakumtoza mtu hata senti.

Baraza la mji lilimwita kwenye mkutano wa hadhara likamvisha shada la maua. Mwenyekiti, mtu mtanashati mwenye viatu vya kung'aa, akashika kipaza sauti.

"Tukiwa na wananchi wenye moyo kama huyu," akasema, "gari la wagonjwa la nini? Fedha za kulitengeneza tumeona zijenge uzio wa ofisi!"

Tukapiga makofi. Gia Tatu mwenyewe alipiga makofi. Aliyeacha mikono mapajani ni mkewe, fundi cherehani.

Walipofika nyumbani alimwambia, "Baba watoto, leo umechezewa shere ukacheka."

"Nimefanya kosa gani tena? Mtu anaumwa, nimwache?"

"Nani kasema umwache? Nasema na wao wasimwache. Kodi tunatoa. Wewe unatoa kodi, halafu unatoa gari, halafu unatoa usingizi. Wao wanatoa maua."

Gia Tatu alicheka, akaomba chai. Lakini maneno ya mkewe hayakumtoka kichwani.

Siku moja alipeleka vitunguu soko la mbali, mvua ikamkwamisha kwenye tope mpaka kesho yake. Huku nyuma binti wa seremala akabanwa na pumu. Walimsukuma kwa mkokoteni wa mbao hadi hospitali, wakapokezana njia nzima, na Mungu akasaidia, akapona. Gia Tatu aliporudi, hata hajazima gari, seremala alikuwa mlangoni.

"Ulikuwa wapi wewe? Mwanangu angekufa!"

"Nilikwama, ndugu yangu. Pole sana."

"Pole! Na sisi tunakutegemea wewe!"

Seremala alikwenda zake akiwa amefura. Gia Tatu akabaki ameshika usukani. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa ametoka nje kusikia kelele. "Kwa baraza amepita? Amemuuliza mwenyekiti alikuwa wapi?"

"Hajapita," mkewe akasema. "Wala hatapita, maadamu wewe upo."

Asubuhi iliyofuata alichana nywele, akavaa shati la kitenge aliloshonewa na mkewe, akaenda ofisini. Mwenyekiti alimpokea kwa bashasha, akasikiliza, kisha akatoa ushauri.

"Mzee wangu, safari nyingine ukienda mbali, tuachie funguo."

Hapohapo simu ya Gia Tatu ikalia. Alikuwa nesi wa zahanati: mke wa mwashi ana uchungu, mtoto amekaa vibaya, aende hospitali sasa hivi. Gia Tatu akainuka.

"Mwenyekiti, twende."

"Twende wapi?"

"Kazini kwako. Mimi ni dereva tu."

Wafanyakazi wa ofisi walikuwa wakitazama, kwa hiyo mwenyekiti hakuwa na pa kujificha. Alipanda. Walipofika zahanati, mama alilazwa juu ya godoro nyuma ya gari, nesi kando yake, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, mtu alihitajika kushikilia turubai lisipeperuke. Mtu huyo akawa mwenyekiti, amesimama nyuma ya pikapu kama mlingoti, tai ikimpiga usoni.

"Kaza mwendo!" alipiga kelele.

"Gia zimeisha, mheshimiwa!"

Mtoto hakusubiri. Hospitali ilikuwa tayari inaonekana alipojigeuza mwenyewe na kuingia duniani kwa fujo. "Shika turubai, usitazame huku, na ole wako uzimie!" nesi alimwamuru mwenyekiti. Hakuzimia, ila aliposhuka alikaa chini palepale kwenye vumbi na suti yake. Akaanza kulia, kisha akaanza kucheka. Mama na mtoto walikuwa wazima. Mtoto tunamwita Mheshimiwa hadi leo.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti ndiye aliyesimama wa kwanza kudai gari litengenezwe. Tulikwenda wengi kumsikiliza, seremala akiwa kiti cha mbele, na mtu mmoja alipoanza kusifu moyo wa kujitolea, mwenyekiti alimkatiza: "Wewe umewahi kushika turubai?"

Kuku walihamishwa. Injini ikaja, na dereva wa mshahara. Siwezi kudanganya kwamba yote yalinyooka. Mara nyingine gari linakosa mafuta, na Gia Tatu hubeba mgonjwa kwanza, kisha hupitia ofisini kuwauliza kulikoni. Siku hizi haendi peke yake.

Ila kuna safari moja hakutaka kumwachia mtu: kuwarudisha wazazi nyumbani na vichanga vyao. Mkewe alimshonea mto laini wa kiti cha abiria. Juzi nilimwona akimleta binti wa jirani na mapacha aliojifungua, anaendesha polepole kuliko baiskeli, wapita njia wakichungulia dirishani.

"Baba, nikupe nini?" binti alimuuliza aliposhuka.

"Nipe mmoja nimshike mpaka mlangoni," akasema. "Hospitali ni kazi ya serikali. Hii raha ni yangu."