Baba mdogo na ng'ombe wa mahari ya mama

Leo baba mdogo Chacha, mtoto wa mke mwenza wa bibi, amenisimamisha mbele ya ukoo mzima ili nimfukuze mama yangu mzazi shambani.

Kisa, nasoma sheria.

Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, akamuoa mama kwa ng'ombe wake ili nyumba isife. Wakurya wenzangu mnaijua hiyo, nyumba ntobhu. Bibi ameshafariki. Sasa mgodi unalitaka shamba lake hapa Nyangoto, na ghafla mama anaitwa "mgeni".

Nimemwamkia baba mdogo shikamoo, hakuitikia. Akawageukia wazee:

"Huyu anasoma Ulaya, chuo cha zamani kuliko mipaka ya nchi hii, darasani wamejaa mataifa yote. Haya, sema! Sheria gani inamtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke?"

Akakaa, akakunja nne. Eti kashinda.

Nikauliza swali moja tu.

"Wazee wangu, ng'ombe wa mahari ya mama nani aliwaswaga mpaka kwao Kerende?"



Mzee mmoja akakohoa. "Si Chacha huyu? Tena alirudi kashiba nyama."

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo povu likamtoka: "Ulaya wamekuharibu!"

Nyie mnaonaje, aliyeswaga mahari anaweza kuikana ndoa?

Na wewe baba mdogo, najua wanao watakusomea hii. Swali lile sikufundishwa Ulaya. Bibi alikuwa akikusifu mpaka anakufa, kwamba hukupoteza hata ndama mmoja njiani.

Twende mahakamani. Shahidi wangu wa kwanza ni wewe.