Patasi ya Mshazari

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali ya Wajerumani pale Dodoma, Bwana Fundi, Mjerumani aliyekuwa mkubwa wetu, alipanga patasi tatu juu ya meza akaniambia, "Chagua." Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimechonga vinu na vigoda kwa tezo tangu kwetu Mlali. Nikachukua iliyokuwa pana kuliko zote. Akacheka, akanikabidhi kwa Fundi Saidi, Mrangi wa Kondoa aliyejifunza kukereza pwani.

Kazi yetu ilikuwa mipini ya kalamu za kuchovya wino, ya makarani na walimu. Kerezo, mtambo wa kuzungushia mti, tulilikanyaga kwa mguu, nao mti ukazunguka.

"Chedego," Fundi Saidi aliniambia, "tezo unalipeleka wewe kwenye mti. Hapa mti ndio unaokuja. Tulia, uupokee."

Patasi yenye mfereji ilikuwa ya kuondoa pembe za mti mpaka uwe mviringo. Ile nyembamba ilikuwa ya kukatia, na ya kuchonga mahali pa kukaa ncha ya chuma. Ya mshazari, ile pana niliyoichagua, yenye makali yaliyoinama upande, ililainisha mpingo hata usihitaji msasa. Lakini ukiugusa mti kwa pembe yake ya juu, mti unaidaka. Tulinoa kabla makali hayajaisha. Patasi kali hutoa nyuzi. Butu hutoa vumbi.

Alinikataza kuishika ya mshazari asipokuwapo. Mwezi wa tatu, alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaishika. Nilitaka Bwana Fundi akute kalamu niliyoimaliza peke yangu. Mti ukaidaka, makali yakavunjika. Ilikuwa imetoka Ulaya, na nyingine hatukuwa nayo.

Bwana Fundi aliingia, akaiona, akamngoja Fundi Saidi mlangoni.

"Saidi, nani kaivunja?"

Fundi Saidi akanitazama mara moja. "Mimi, Bwana."

Nikanyamaza. Akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya mafundi wote, nami nimesimama nikitazama.

Jioni nilimfuata kwake. Alikuwa amelala kifudifudi.

"Kwa nini, Fundi?"

"Wewe wangekufukuza. Mimi wananihitaji."

"Nami nilinyamaza."

"Nilisikia," akasema.

Baada ya siku nne alirudi kazini, akainoa upya patasi iliyovunjika, ikawa fupi lakini kali. Akaniwekea mkononi. "Leo tunajifunza hii."

Bwana Fundi alihamishwa. Aliyemfuata alinipandisha kuwa fundi wa pili. Kisha vita vikaja, Fundi Saidi akachukuliwa upagazi, hakurudi. Wajerumani nao wakaondoka. Nilikereza chini ya mabwana wengine mpaka macho yalipokataa, nikastaafu. Watu husifu mkono wangu. Mimi najua ulifunzwa na nani, na kwa mgongo wa nani.

Nilipopumzika kazi nilikwenda Kondoa kwa miguu, nikamkuta bintiye, mama mwenye wajukuu. Nikamweleza nimekuja kwa habari ya patasi iliyovunjika.

"Naijua," akasema. "Mama alipokuwa akimkanda mgongo, baba alituambia mkono wake uliteleza."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Mkono ulikuwa wangu."

Akanisogezea kigoda. "Kaa, baba. Nieleze."

Nikakaa, nikamweleza yote.