Eduvigis, Sikio la Nge

Nianze kwa kusema kwamba Nicanor simpendi, asije mtu baadaye akadai nilimficha. Simpendi leo, simpendi kesho, na nikimkuta mbinguni nitaomba kuhamishiwa upande wa pili. Lakini habari hii si yake. Ni ya wifi yangu Eduvigis, mke wa marehemu kaka yangu, mpiga pasi wa mtaa wa Rebolo. Nusu ya Barranquilla, mji wetu wa bandari, ilicheza kwa masikio ya mwanamke huyu bila hata kumjua.

Nicanor alikuwa na picó. Nikisema picó sisemi redio ya kuweka juu ya kabati. Nasema spika ndefu kuliko mlango, zinazotingisha sufuria jikoni kwa jirani. Mbele ya zake alichorwa nge mwekundu, mkia juu, ndiyo maana picó yake ikaitwa Nge. Kila mtaa ulikuwa na picó yake, na vita vilikuwa kwenye nyimbo. Mwenye wimbo ambao wenzake hawana ndiye anayejaza uwanja. Kwa hiyo santuri ikishuka tu melini, kazi ya kwanza ya mwenyewe ni kuibandua lebo ya katikati kwa kitambaa kibichi na ukucha, asije mpelelezi akachungulia jina la mwimbaji akaenda kuagiza ya kwake. Kisha wimbo unapewa jina la hapahapa, na lile la kuzaliwa linazikwa.

Sasa Nicanor spika alikuwa nazo, masikio hakuwa nayo. Mungu hakupi vyote. Akisikia wimbo mzuri na mbaya alikuwa anatikisa kichwa vilevile. Aliyekuwa na masikio ni Eduvigis. Kila Jumatatu asubuhi Nicanor alikuja na santuri mpya chini ya kwapa, akaweka gramafoni ndogo kwenye kigoda, akaketi na kikombe cha kahawa, naye Edu akasikiliza huku akipiga pasi mashati ya makarani.

"Haya, comadre, sema," Nicanor alikuwa anamwambia. Waliitana compadre na comadre kwa sababu yeye ndiye aliyemshika Yadira, binti wa Edu, siku ya ubatizo. Kwetu hilo si jambo dogo. Ndugu wa damu unazaliwa naye tu, lakini compadre unamchagua mbele ya padri.

Na Edu alikuwa anasema. Hakuwahi kusoma muziki popote, ila kila santuri ilimfanya kitu, naye alikitaja kama mtu anayemwambia daktari pale panapouma. Ikaletwa moja ya Meksiko, bwana anaimba kwa machozi na tarumbeta. Edu akasema, "Huyu analia huku anajitazama kwenye kioo. Mrudishie mwenyewe." Ikaja ya Haiti, akasema inakushika kiuno kabla haijakuuliza jina. Ya Ghana akasema ni watu wanaotoka kazini siku ya mshahara, wote wanazungumza pamoja na hakuna anayegombana. Siku ya ile ya Kuba ya zamani, magitaa na wazee wawili wakiimba, aliweka pasi chini akatoka uani, akarudi macho mekundu. Aliniambia baba yake alikuwa akinyoa ndevu hivyohivyo, bila haraka.

Kuna baharia aliwahi kumtupia Nicanor santuri ya piano tupu kutoka Ulaya, kama nyongeza. Nicanor akacheka. Edu akaisikiliza pande zote mbili mpaka wanga ukamkaukia kwenye kola. "Huyu amepoteza kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe," akasema. "Anapita chumba kwa chumba. Hakipati. Hawa vijana wako hawawezi kuicheza, lakini niachie wiki moja." Ile wiki moja ilichukua miaka minane.

Si kwamba hakukosea. Ilipokuja ya tarumbeta kutoka New York, ile ya watu weusi wa mavazi mazuri, aliichukia. "Anajua sana, na anataka nijue kwamba anajua." Baada ya miezi mitatu akaiomba tena, akasikiliza amesimama, halafu akaiomba msamaha. Santuri, jamani, inaombwa msamaha. "Kumbe masikini alikuwa anaogopa tu," akasema. Mimi nilikuwa nachambua maharage pale, nikamwambia wifi, wewe una wazimu, na akakubali.

Santuri iliyomfanya Nicanor kuwa mtu mbele ya watu ilitoka Kongo. Gitaa lake lilikuwa dogo, kali, halipumziki. Edu alisikia robo tu akasema, "Sikiliza linavyodonoa. Ni kuku wa mjane huyo, haachi punje." Basi ikaitwa Kuku wa Mjane. Siku hiyohiyo, kwa furaha, Edu akaiegemeza karibu na pasi ya mkaa, na ukingo ukajikunja kidogo. Tangu hapo mwanzo wa wimbo ukawa unayumba, sauti inapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta kitasa, kabla gitaa halijanyooka. Nicanor akaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano isiruke, mambo yakaisha. Miaka minne Nge walipiga wimbo huo peke yao, na watu walitoka mpaka Soledad, mji wa jirani, kuja kuucheza.

Lebo zote zilizobanduliwa zilikaa kwa Edu, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Majina aliyajua yeye na Nicanor tu. Evaristo, mwenye picó ya Kimbunga, adui wa Nge wa siku zote, aliwahi kumletea pasi ya umeme mpya kwenye boksi lake, ati zawadi ya sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Edu akamrudishia kabla haijafunguliwa. Mimi ningeipokea na jina nisingemwambia, lakini wifi yangu hana akili za namna hiyo.

Basi ikafika Januari, kanivali iko mlangoni. Jumapili moja, saa kumi za jioni, Kimbunga wakapiga Kuku wa Mjane. Uwanja mzima wa San Roque ukaruka. Sisi hatukuwepo, tuliletewa habari. Nilidhani Edu atazimia.

Jumapili iliyofuata Nge walipiga mtaani kwetu. Jua bado kali, watoto wanakula barafu, bibi zetu wako kwenye viti mlangoni. Nicanor akazima muziki, akashika kipaza sauti. Akasema, "Wananiuliza Kuku wetu alitokaje bandani. Nitawaambia. Nyumba ya Nge ina ulimi mrefu. Na ulimi huo unapiga pasi."

Hakutaja jina. Angelitajia nini? Watu wote waligeuka wakaitazama nyumba yetu, na Edu alikuwa mlangoni na shati la mtu mkononi. Alitabasamu kidogo, nadhani alifikiri ni mzaha. Kisha akaona Nicanor hamtazami.

Niwaambieni ukweli, niliumia kuliko nilivyoumia kaka alipokufa, maana kaka alikufa kwa maradhi. Kesho yake dukani mwenye bucha anamwambia, "Edu, na bei ya Evaristo ilikuwaje? Hata mfupa hatugawiwi?" Mwanamke wa bollo, ile mikate ya mahindi ya kuchemsha, anamfungia zake kwenye jani bila kumwangalia. Vijana wakipita dirishani wanalia kuku, koo koo koo. Mtu aliyetunza siri miaka ishirini akawa mfano wa mropokaji. Hakulia. Alikuwa anarudia jambo moja tu, "Lakini amesema mbele ya watu, wifi. Angekuja kuniuliza."

"Umemwambia mtu?" nilimuuliza. Najuta kumuuliza.

"Hata wewe?" akasema, na siku ile hatukuzungumza tena.

Kuomba radhi kwangu kulikuwa kumsindikiza San Roque Jumapili, maana alitaka kusikia kwa masikio yake. Tulisimama upande wa pili wa barabara, chini ya kibaraza cha duka la rangi, tumejifunika kanga za kichwani kama wezi. Kimbunga walipopiga Kuku wa Mjane watu wakapiga kelele, na mimi sikusikia zaidi ya hapo. Edu akanishika mkono akanifinya mpaka kucha zikaingia.

"Unayumba," akasema.

"Nini kinayumba?"

"Mwanzo. Sikiliza. Angekuwa ameagiza ya kwake, ingeanza imenyooka. Hii ndiyo niliyoichoma mimi. Wifi, hii ni santuri yetu yenyewe."

Hakuna aliyevunja nyumba ya Nicanor. Santuri zake analala nazo chumba kimoja, ufunguo shingoni pamoja na msalaba. Hapo hata mimi, kichwa changu kigumu, nikaelewa. Nikataka kuvuka barabara nikapande jukwaani nimtangaze. Kanga nilishaivua, nimejifunga kiunoni. Edu akanizuia. "Acha," akasema. "Nataka aniambie mwenyewe. Nimemjua miaka ishirini. Ataniambia."

Na kweli alimwambia, hilo nampa. Jumatatu alikuja kama kawaida, gramafoni mkono mmoja, santuri kwapani. Mimi nilikuwa jikoni, pazia tu kati yetu. Edu hakumpa kahawa.

"Compadre, Kuku wangu anafanya nini kwa Evaristo?"

Nicanor akaitua gramafoni chini. Halafu akavuta kigoda. "Tumebadilishana," akasema. "Evaristo alikuwa na hii. Ameiweka mwaka mzima haijapigwa, ati ni ya siku ya kanivali, ya kunizika. Alitaka Kuku, nikampa. Kuku amezeeka, comadre, kila mtu anamjua. Hii hakuna aliyeisikia, na nakala nyingine haipo nchi hii."

"Na mimi?"

"Watu lazima wangeuliza."

"Nimekuuliza, na mimi?"

"Wewe ni mwanamke, ulimi umekuteleza, watakusema mwezi mmoja watasahau. Mimi wakijua nimempa Kimbunga kwa mkono wangu, Nge amekufa. Wewe watakusamehe, comadre. Mimi wasingenisamehe." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mwenzake jinsi ya kupanga viti. "Kanivali ikiisha nitalisafisha jina lako. Nitasema kwa kipaza sauti hichohicho."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Namshukuru Mungu kwamba mlango wa jikoni una pazia na si mlango wa kweli, maana ningeupiga teke.

Halafu, sikilizeni mtu asiye na aibu. Akaiweka santuri kwenye gramafoni. "Hebu nisikilizie," akasema. "Nimeipiga mara thelathini. Sijui. Bila wewe sijui kitu."

Na Edu akasikiliza.

Siwezi kuwaambia ilikuwa ya wapi. Kulikuwa na ngoma moja, haina haraka, na sauti ya mwanamke mtu mzima, si tamu, imekwaruza kidogo, anaimba kama anayewaita watu wake warudi ndani kabla mvua haijaanza. Kisha wakamwitikia wengi, kutoka mbali, kila mara karibu zaidi. Mimi si msikilizaji, mimi ni mchambua maharage, lakini vinyweleo vilinisimama mpaka shingoni na mwiko nikauweka chini. Nilijisemea, hapo ndipo Barranquilla itakapolia na kucheza kwa wakati mmoja. Nikamsikia Edu anavuta pumzi.

Wimbo ukaisha. Pasi ikaanza tena kwenda na kurudi juu ya meza.

"Haya, comadre, sema."

"Ni wa msibani," Edu akasema. "Watu watakaa chini. Ukiupiga siku ya kanivali watakuachia uwanja."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Nilimsikia Nicanor anapumua kama gurudumu linalotoka upepo. Hakubisha hata kidogo. Aliamini masikio yale kuliko masikio yake mwenyewe, kuliko mara zake thelathini. Akafunga gramafoni akaondoka, na siku ya kanivali Nge walipiga nyimbo za mwaka juzi, Kimbunga wakajaza uwanja.

Mimi nilifurahi, msinitazame hivyo. Nilimpikia wifi wali wa samaki, nikamwambia, umemkata mkia yule nge. Alikula vijiko viwili.

Ikafika Jumatano ya Majivu, watu wanatoka kanisani na alama zao usoni, na Nicanor akaja. Nikadhani amekuja na kipaza sauti. Alikuja na chungu cha maua. Kwetu santuri isiyofaa haitupwi, inalowekwa kwenye maji ya moto mpaka inalainika, inakunjwa kingo, inakuwa chungu, na tundu la katikati linatoa maji. Kila dirisha la Rebolo linavyo viwili vitatu. Hiki kilikuwa kipya, cheusi, kinang'aa, kimepandwa mchicha wa rangi.

"Nimekuletea, comadre," akasema. "Yaliyopita yamepita."

Kuhusu kulisafisha jina la Edu hakusema neno, na mpaka leo hajasema. Edu alikipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye mistari ya ukingoni.

"Ni ipi hii?"

"Ni ile ya msibani," Nicanor akajibu. "Angalau na yenyewe ipate kazi."

Alipoondoka nilitaka nikitupe barabarani, kimpate kisogoni. Edu akakikumbatia, akakaa nacho kwenye ngazi, udongo unamwagika kwenye sketi.

"Ilikuwa nzuri kweli, wifi, au ni mimi tu?" nikamuuliza.

"Nzuri kuliko zote nilizosikia maishani mwangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyeiua. Yeye kaikunja tu."