Ugonjwa Uliobadili Jina

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu hospitalini hapa Sumbawanga. Miaka kadhaa nyuma, madaktari walimtoa utumbo mpana wote kwa sababu ya vidonda, wakatumia utumbo mwembamba kumtengenezea kifuko cha kuhifadhi choo. Akapona. Akarudi Matai kulima mahindi, na mama yetu akatoa shukrani kanisani. Mwaka huu maumivu na kuharisha vikamrudia.

Daktari aliongea taratibu. "Vidonda sasa viko kwenye utumbo mwembamba. Huu unaitwa ugonjwa wa Crohn."

Dada akaweka kiganja tumboni. "Kwa hiyo upasuaji ule walikosea?"

"Hapana, ulikusaidia. Mwanzoni ugonjwa huu na ule wa vidonda vya utumbo mpana hufanana sana. Huu hauponi kabisa, ila dawa huutuliza."

Kutoka pale tukaenda Chanji kwa mama. Dada akamweleza yote kwa Kifipa, jina la ugonjwa tu akalitaja kama lilivyo. Mama akaacha kuchambua maharage.

"Mimi nilishatoa shukrani," alisema.

"Shukrani ile ilikuwa halali, mama. Miaka ile nilikuwa mzima kweli."

Mama akauliza, "Na huo mwembamba watautoa?"

"Hapana. Ndio niliobaki nao."

"Basi tutautunza," alisema mama, akamsogezea kigoda akae karibu naye.

Mimi njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kufariji. Kwa mtu anayeishi kwa kuandika, ni aibu kidogo kwamba hayakuhitajika.