Nkula, Asubuhi na Jioni

Jumapili, kabla kengele ya kwanza haijalia, wanawake huja kwangu kuondoa mlima usoni. Hapa Rubaya mlima haubaki mlimani. Unashuka ndani ya viatu, ndani ya nywele, kwenye mikunjo ya shingo, na mwanamke aliyebeba magunia ya madini ya koltani wiki nzima anafika mlangoni kwangu na uso wa rangi ya barabara. Namkalisha kwenye kigoda, nalowesha kitambaa katika maji ya moto, namfunika uso mpaka vumbi lilegee lenyewe. Sisugui. Kisha tone la mafuta ya mbarika kwenye nyusi, mafuta kidogo kwenye midomo iliyopasuka, wembe wa kuchonga nyusi, puda kidogo sana. Anayetaka ruji ya mashavu namtia kwa ncha ya kidole.

Wateja wangu ni wabebaji, wauza maharagwe, wajane. Hawataki kuonekana kama picha za kwenye simu. Wanataka kuingia kanisani na uso wao wenyewe.

Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na mgeni akifika huulizwa hilo kwanza: "Uko mama ya nani?" Mimi nilikuwa najibu, "Niko Elisabeth tu." Wengi wakadhani sikuzaa. Nilizaa. Walininyang'anya.

Nilizaliwa Kibua, kule Walikale, msituni. Sikusoma; nilishika jembe. Habineza wa Kibabi alikuwa akija kwetu kuuza jibini na kununua mawese, akanioa, na njia hiyo ndiyo iliyonipeleka Masisi, kwenye vilima vya baridi, kwa mama yake, Drocella. Drocella alikuwa mwanamke wa kujitunza. Kila jioni alijipaka siagi ya ng'ombe, ikanukia nyumba nzima, na ngozi yake iling'aa kama ya msichana. Nilimpenda kwa hilo. Sitaficha.

Nilipojifungua binti, mama yangu, Victorine, alitembea kutoka Kibua na kifurushi cha majani mgongoni. Ndani mlikuwa na nkula, unga mwekundu unaosagwa kutoka moyo wa mti wa kwetu. Kwetu mwanamke aliyezaa halimi, habebi. Anapakwa nkula iliyochanganywa na mawese, asubuhi na jioni, mabegani, tumboni, miguuni, mpaka ngozi inarudi na mwili unashikana. Siku ya mwisho anaoshwa, ananyolewa nyusi, anavaa kikwembe kizuri na kutoka nje ili watu wamwone. Maji ya kumwosha hayachemshwi na mama yake. Huchemshwa na mwanamke mkubwa wa nyumba aliyoolewa. Kwa maji yale anasema: huyu ni wetu.

Mimi sikufika kwenye maji.

Mtoto alipata homa. Drocella akaona wekundu kwenye kofia ndogo ya mtoto, pale alipolala begani kwangu, akapiga kelele.

"Damu! Kujeni muone damu!"

"Si damu, mama," mama yangu akasema. "Iko muti ya kusaga. Hii njo mapambo yetu."

"Mapambo gani inafanana na damu?"

Jirani mmoja wa kikundi cha maombi akasema sisi wa porini tunakunywa damu ya watoto polepole, na kwamba wekundu ule ndio mlango wenyewe wa uchawi. Drocella akaamini. Yeye aliyekuwa ananukia siagi usiku na mchana! Lakini mafuta yake yalikuwa ya kikristo, yetu yakawa ya shetani. Nilimtazama Habineza. Alisimama mlangoni akikuna ukucha wa kidole gumba.

"Habineza, sema kitu," nikamwambia.

"Uende kwanza kwenu," akasema. "Mutoto akipona, tutaona."

Nilifukuzwa nikiwa nimepambwa. Nilitembea barabara ya Masisi na nkula mwilini, na watu walitoka kwenye nyumba kuniangalia. Maziwa yalitoka yenyewe, yakachora njia nyeupe kwenye ule wekundu wa kifuani. Mama alitaka kunifunika. Nilimkataza.

Mtoto alipona. Hakuna aliyenifuata. Nilirudi Kibabi, na si mara moja; walinifungia mlango, kisha vijana wakanirushia mabonge ya udongo mpaka nikaelewa. Jina walilompa binti nililisikia kwa watu sokoni: Umuhoza, kwa lugha ya nyumba ile ni anayefariji. Anamfariji nani, sikuuliza.

Mama alikufa Kibua na kuniachia kopo la nkula. Vita vilinisukuma huku na huku kama wengine wote, na nilipochoka kusukumwa nilichagua Rubaya, kwa sababu wabebaji wa Kibabi hupita hapa, na mwenye masikio husikia. Nikaanza kutengeneza nyuso. Kopo nililiweka juu ya rafu, nimelifunga kwa plastiki. Wanawake wa Walikale waliponiomba niwapake baada ya kuzaa, niliwajibu kwamba imeisha.

Hivyo nilikuwa, mpaka Jumapili moja alipokuja Byukusenge, mbebaji mwenye mgongo mpana na mdomo usiolala.

"Leo unitengeneze kabisa," akasema akijitupa kwenye kigoda. "Bwana yangu alisema nafanana na gunia."

"Gunia gani?"

"Gunia tupu! Ya kujaa angenibeba."

Tulicheka. Nilimfunika kitambaa, naye akaendelea kusema chini yake.

"Lakini kuko mwenye shida kunipita. Jirani yetu, bibi ya Gisubizo. Alizala juzi juzi. Akaona madoa kwenye mashavu, akajipakaa pomadi ya kujichubua. Uso ikaungua! Sasa anajifungia mu nyumba, anasema hata batisimo ya mutoto haitafanyika. Banamuletea nyanya yake kutoka Kibabi, naye hamuwezi."

"Kutoka Kibabi?"

"Njo kwao. Iko binti ya Habineza. Umuhoza."

Nilimwacha na kitambaa usoni mpaka kikapoa. Akakitoa mwenyewe.

"Elisabeth, unalala?"

"Uwaambie nitakuja," nikasema.

Siku iliyofuata nilipanga kikapu: wembe, mafuta, puda. Kopo nililishusha, nikalirudisha, nikalishusha tena. Nilijua hesabu yake. Nikimtengeneza kwa vitu vya kila mtu, nitamgusa uso mwanangu na kurudi nyumbani kama mgeni yeyote, na labda kuitwa tena. Nikifungua kopo, Drocella atanijua, na nitatupwa nje mara ya pili, mbele ya mtoto mwenyewe.

Nyumbani kwa Gisubizo, Drocella alikuwa ameketi sebuleni na fimbo magotini. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliinua kidevu kuelekea hatua zangu.

"Njo huyu anapakaa batu?"

"Njo yeye, mama," nikajibu. Hakunijua. Chumbani, nyuma ya pazia, Umuhoza alikuwa amejifunika kikwembe mpaka puani, na mtoto mchanga ubavuni.

Alipokifunua sikuangalia majeraha kwanza. Niliangalia paji la uso, nywele zinazoanzia chini. Ni za mama yangu. Kisha nikaona mashavu: mekundu hapa, meusi pale, ngozi imebanduka kama ganda la kiazi.

"Nipakae puda nyingi," akasema. "Ifunike byote."

"Puda sipakai juu ya kidonda."

"Basi ulikuya kufanya nini?"

"Kukuosha. Hii tube ya pomadi iko wapi?"

Akaitoa chini ya mto. Niliitupa kwenye ndoo ya takataka. Nikamwosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kitambaa laini, bila kusugua, nikamwambia asikae juani, asipake kitu kingine usoni mpaka ngozi ijifunge, na usaha ukitoka aende santeri ya afya siku hiyo hiyo. Alikuwa analia kimya kimya, machozi yanamwasha.

"Gisubizo anasema niko muzuri," akasema. "Lakini anasema akiangalia ukuta."

"Akiangalia ukuta, ukuta njo utamupikia."

Alicheka kidogo, akashika shavu kwa maumivu. Nikamvua kikwembe mabegani ili nimwoshe shingo. Mabega yalikuwa makavu, yamepauka. Mikono yenye nyufa za sabuni: alikuwa amerudi kufua mapema. Kwetu hata maskini wa mwisho haachwi hivyo.

"Nani anakutunza?" nikauliza.

"Nyogokuru, nyanya yangu. Lakini iko muzee."

"Mama yako?"

"Alikufa akinizala."

Alisema vile mtu anavyosema jambo la zamani, huku akirekebisha blanketi la mtoto. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikufa. Nikavuta kopo kikapuni, nikafungua plastiki. Nikamimina mawese kiganjani na nkula juu yake, nikaanza kukoroga kwa kidole. Harufu yake ni ya mti uliokatwa leo. Ilipita pazia.

Fimbo iligonga sakafu sebuleni.

"Ile nini?" Drocella akauliza. Pazia likavutwa, akasimama pale akinusa, na nikaona uso wake wote ukibadilika.

"Elisabeth."

"Njo miye."

"Toka."

"Nyogokuru, unamujua?" Umuhoza akauliza.

"Njo ule alitaka kukukunywa! Toka, minasema!"

Nilibaki nimechuchumaa na kiganja chekundu. Maneno haya nilikuwa nimeyafanyia mazoezi miaka yote.

"Umuhoza, miye njo mama yako. Sikukufa. Siku balinifukuza nilikuwa nimepakwa hii, vile banapakaa kila mwanamuke wa kwetu akizala. Hakuna kingine nilifanya."

Alimshika mtoto na kumhamishia upande wa pili, mbali nami. Hilo liliniuma kuliko mabonge ya udongo.

"Nyogokuru, ulisema alikufa."

"Kwetu alikufa," Drocella akasema.

"Na kwangu?"

Umuhoza akanigeukia, na sauti yake ilikuwa kali.

"Na weye, juu ya nini haukukuya?"

"Nilikuya. Uulize nani alinirushia udongo kwenye mulango."

Nje wabebaji walipita na magunia yao wakisemezana. Mtoto alipiga chafya. Mwishowe Umuhoza akanyoosha kidole, akagusa nkula kiganjani mwangu, akaisaga kati ya vidole viwili, akanusa. Alikuwa na woga, lakini haukuwa ule wa Drocella. Ulikuwa wa mtu ambaye tube imemuunguza.

"Itaniunguza?"

"Haiunguzi. Lakini usiniamini. Tutapaka hapa tu, ndani ya mukono, tungoje mpaka kesho. Ikikuwasha, unaosha, na miye sitarudi."

"Umuhoza!" Drocella akasema.

"Iko nyumba yangu, Nyogokuru."

Akanipa mkono. Nilimpaka alama ndogo, ya upana wa jani la chai, nikafunga kopo, nikaondoka. Usiku ule sikulala. Ngozi ya mtu haina huruma. Inaweza kukataa hata kitu kizuri. Kama ikimwasha, wangesema: mliona?

Asubuhi alinifungulia mlango mwenyewe, amekunja mkono wa blauzi.

"Hakuna kitu," akasema. "Iko laini."

Nikampaka mabega. Uso sikuugusa ila kwa maji. Jioni nikarudi, kwa sababu nkula hupakwa asubuhi na jioni, na desturi ile haina njia ya mkato. Niliacha wateja wangu wanung'unike. Kila nilipofika, Drocella alitoka nje na kukaa kwenye jiwe, akinipa mgongo. Hakunisalimu. Sikumsalimu. Mtoto sikupewa, nilimwona tu. Kisha siku moja Umuhoza alikuwa amejaa mafuta viganjani na mtoto akalia, akasema, "Mushike basi," kama jambo dogo.

Nilipokuwa nampaka nilimweleza mambo ya Kibua, kwa nini nkula, kwa nini kutoka nje, na nani huchemsha maji siku ya mwisho. "Hiyo yako nitachemusha miye," nikasema, "sababu hapa kwa Gisubizo hakuna mwanamuke mukubwa." Mlango ulikuwa wazi. Kwenye jiwe mgongo wa Drocella haukusogea.

Sokoni Byukusenge alikwisha kutangaza. Kutoka ng'ambo ya meza za maharagwe alinipigia kelele, "Mama Umuhoza! Sasa tutakulipa na heshima!" Watu wakageuka. Nami niligeuka. Habineza hajatokea, na mimi simngoji.

Mashavu yalijifunga. Madoa yalibaki, na yatabaki kwa muda. Nilimwambia hivyo bila kumdanganya. Alijitazama kwenye kioo kidogo cha Gisubizo, akakiweka chini.

"Nitatoka nayo," akasema.

Siku ya kuoshwa, ambayo ndiyo ilikuwa ya batisimo, mvua ilinizuia njiani, nikafika nimechelewa na kuni zilizolowa mgongoni. Umuhoza alikuwa bado ndani ananyonyesha. Gisubizo alikuwa ameenda kanisani kushika nafasi. Kando ya kigoda palikuwa na beseni kubwa, limefunikwa kwa sinia, na mvuke ukitoka pembeni. Jikoni moto ulikuwa unakufa. Drocella alikuwa kwenye jiwe lake chini ya paa, amenipa mgongo kama kila siku, na majivu yamemganda mikononi mpaka kwenye viwiko.

Sikumshukuru. Niliweka kuni chini, nikafunua beseni, nikachovya kiwiko kupima joto.

Maji yalikuwa sawa. Nikamwita mwanangu.